Safu ya Saba

Wameletwa watatu, Jumatatu, na barua ya ofisi kuu:
Thuwaiba, Mbarouk, na huyu Shaame
anayeitazama skrini yangu ya kijani
kama mtu aliyeandaliwa uji wa jana.
"Bi Salhina, lugha hii si ilishakufa?"
Mwanangu, mshahara wako wa mwezi huu
utaandikwa na maiti huyo.
Keti.

Chini, uwanja wa ghala, karafuu zimeanikwa,
harufu inapanda ngazi bila kubisha hodi.
Wete yote inapiga chafya.
Huku juu tunaanza na nukta.

Kobol haikuulizi akili kwanza, inakuuliza adabu.
Sentensi ina mwisho, na mwisho una nukta.
Ukiisahau, sharti haliufungi mlango:
malipo uliyowakusudia watu wote
yanamfikia yule tu mwenye makonyo mengi,
wengine wanarudi Gando mikono mitupu
na mashine kimya, kama haikuwapo.

"Mstari wa arobaini una kosa," anasoma Mbarouk.
Anausugua mstari huo tangu saa mbili.
Hauna kosa. Tazama wa thelathini na tisa.
Mashine hii ni jirani aliyeudhiwa na mumewe
akaja kukugombeza wewe kwa ajili ya kuku.
Ikilalamika, panda mmoja juu.

Jumla za Thuwaiba zinavimba:
mkulima wa kwanza sawa, wa pili tajiri,
wa tatu anaweza kuinunua bandari.
Hukuosha bakuli, Thuwaiba.
Weka sifuri kabla ya kupakua,
la sivyo kila mgeni atakula makombo ya mwenziwe.

Nawe Shaame, maneno yako marefu
usiyapitishe safu ya sabini na mbili.
Huko ni nyuma ya ukuta: unasema, hapana anayesikia,
na hapana anayekwambia kwamba hakusikia.

Alhamisi akaja Bi Mwanakombo wa Mtambwe,
stakabadhi kazifunga pindoni mwa kanga.
"Hii mara ya tatu naja.
Mashamba ya ndugu watatu, kilo elfu moja na arobaini na mbili,
nimeziona mizanini kwa macho yangu haya.
Karatasi yenu yasema arobaini na mbili.
Hiyo elfu kaila nani?"

Vijana wakakagua nukta. Zipo.
Safu, sawa. Sifuri, ipo.
Niliwaacha watafute, shingo yangu inapata moto.
Pishi ya tarakimu tatu:
ukiimiminia nne, haimwagiki kwa kishindo.
Inayodondoka ni ya mbele, ile kubwa,
na zilizobaki hukaa zimenyooka
mithili ya hesabu ya kweli.

Aliyeikata pishi hiyo ni mimi.
Nilikuwa na miaka ishirini na sita,
nafasi ndani ya mashine ya kugombania,
nikasema: nani, Pemba nzima, atafikisha elfu?
Dirisha nilikuwa nimelifunga, kwa sababu ya harufu.

Shaame ndiye aliyeiona. Tisa tatu, zimejipanga.
Akaongeza ya nne bila kunitazama.
"Sasa nenda safu ya saba," nikamwambia, "weka nyota."
Mstari wenye nyota mashine huuruka.
Nikaivuta kibodi, nikaandika mwenyewe:
pishi ilikuwa ndogo. Kosa la Salhina.
Mwenye mali alikuja mara tatu.

"Kama haiusomi, unamwandikia nani?"

Sikumjibu. Bi Mwanakombo alikuwa bado amesimama,
kiti tulimpa, hakukitaka,
na printa imeshatafuna karatasi ya kwanza.
Nikainama kuivuta, vipande vipande.
Nyuma yangu Shaame akaipeleka programu,
ikarudi na lawama: mstari wa mia mbili na nne.
Akaanza kuusugua.

"Panda mmoja juu," akasema Thuwaiba.

Akapanda. Ile tisa mpya, ya nne,
aliisukuma mahali pake
na nukta akaifuta.